Moja Mara Mbili

Dirisha la dawa, hospitali ya Temeke:
kijana hakuniangalia.
Alichora juu ya bahasha ya kaki
moja, alama ya kuzidisha, mbili,
akaisukuma, akaita, "Mwingine!"

Mimi hesabu naijua.
Mwaka wa ishirini na sita nauza mkaa Tandika,
kwa kopo, kwa sado, kwa nusu gunia;
wanaonikopa nimewaandika ukutani
kwa kipande cha mkaa huohuo,
na hajatokea wa kunipunja mia.
Moja mara mbili ni mbili.
Nikafika nyumbani, nikasema bismillahi,
nikameza mbili, nikalala.

Ndipo ardhi ilipoanza kuniyumbia.
Nikiinuka usiku, ukuta unanikimbia.
Ikifika alasiri kichwa kinagonga
kama mafundi bati wa Gerezani.
Jirani yangu Mama Shukuru akaniuliza kwa sauti ya chini
nimegombana na nani.

Nikarudi kliniki na faili langu kifuani.
Faili linajua habari zangu zote,
limejaa mwandiko wa kutambaa kama siafu;
mimi kazi yangu ni kulibeba
kutoka mlango huu hadi ule.
"Dawa unakunywa vizuri?"
"Nakunywa."
Hakuna aliyedanganya kati yetu.
Presha bado iko juu, akaongeza:
moja mara tatu.

Nikameza tatu.
Alfajiri wakaniokota kwenye magunia,
uso mweusi, wakadhani nimeungua.

Safari hiyo nilimkuta Daktari Kokuhirwa,
mgeni pale, binti mwembamba, koti limemzidi.
Hakuniuliza kama nakunywa.
Alisema, "Hebu nionyeshe unavyokunywa."
Nikamimina vitatu kiganjani,
nikavipeleka kinywani.
Akanishika mkono.
Akakaa kimya kitambo, kalamu ameilaza mezani,
nje watu wanagonga mlango.
Kisha akachana karatasi ya kaunta buku
akaandika herufi kubwa, za mtoto wa darasa la pili:

*Bi Sikudhani,*
*kuanguka kwako kumetokana na dawa kuzidi kwa mkupuo.*
*Si ugonjwa mpya. Si mtu.*
*Kidonge KIMOJA ukishakunywa chai ya asubuhi.*
*KIMOJA ukishaswali isha.*
*Cha tatu tumekiondoa.*
*Chumvi ya mezani acha.*
*Rudi Jumanne, tarehe tisa.*
*Kizunguzungu kikirudi, usisubiri Jumanne.*
*Kosa halikuwa lako.*

Huo mstari wa mwisho sikuuona siku ile.
Mjukuu wangu Nasri ndiye aliyeufikia,
maana kila jioni ananisomea
kwa sauti ya mtangazaji wa mpira,
"Kimojaaa! Ukishaswali isha!"
Alipofika hapo akashusha sauti mwenyewe.

Niliitunza kwenye pindo la kanga, pamoja na chenji.
Ikashika jasho, ikashika vumbi la mkaa,
*isha* ikaanza kufutika.
Nikaipeleka steshenari ya pale njia panda
ivalishwe plastiki, shilingi elfu moja.

Kijana akawasha mashine,
akaikung'uta karatasi, macho yakaanza kusoma.
Nikataka kumwambia hayo ni yangu, ya siri.
Akarudi juu, akasoma tena.
"Bibi, kwani ulikuwa unakunywaje?"
Nikamwambia. Moja mara mbili, mbili.
Hakucheka.
"Mama yangu yuko Mbagala," akasema,
"naye kaandikiwa hivyohivyo."

Akatoa simu, akaiweka kwenye kaunta, spika wazi.
Karatasi yangu mkononi mwake.
Nyuma yetu mtu anataka kopi ya kitambulisho, ana haraka.
Mashine ikawasha taa ya kijani: tayari.
Simu ikaita.
Ikaita.
"Pokea, mama," nikasema mimi, nisiyemjua.